Marehemu wa Nchi ya Ndiyeyule

Kila aliyewahi kufika nchi ya Ndiyeyule anaieleza njia yake kivyake. Mmoja atakwambia iko mbele ya upeo, mwingine atakuapia iko nyuma ya kile kioo unachokitazama kutwa kucha. Njia tuiache, haina faida. Yenye faida ni mambo aliyoyakuta huko Mwanahawa binti Saburi, msukaji wa mikeka na mwandishi wa kitabu kimoja chembamba juu ya kazi hiyo, aliyekwenda akiwa mzima wa afya na nusura abaki huko akiwa marehemu, na hali hakuugua hata mafua.

Alikwenda kwa ajili ya bibi yake mzaa baba. Bibi huyo alikuwa mkunga, naye aliandika kwa mkono wake mwenyewe kitabu cha mambo ya uzazi: namna ya kumpokea mtoto, namna ya kumtuliza mama, maneno ya kusema na ya kutosema. Bwana mmoja wa boma akakichukua, akakipiga chapa, na jina la mwandishi likaanguka njiani. Miaka ikapita, kitabu kikawa mali ya umma, maana ndivyo sheria ya vitabu ilivyo: mwandishi akishakufa na muda wa kutosha ukapita, kazi yake ni ya kila mtu. Sasa kilikuwamo katika nyumba zote kubwa za vitabu za Ndiyeyule, zile nyumba zisizo na karatasi, ambako kurasa huwaka juu ya vioo na mtu aliye pembe yoyote ya dunia akazisoma akiwa amelala kitandani kwake.

Shida ilikuwa kadi. Katika kila nyumba kitabu kilikuwa na kadi yake, na kadi hizo hazikujuana. Nyumba moja ilikiita *Khabari za Uzazi*, cha Bibi Mmoja wa Pwani. Nyingine ilikiita *Habari za Uzazi*, cha yule bwana wa boma. Nyingine ndiyo iliyokuwa na jina la bibi, nalo limekatwa vipande kama muhogo, Mwana Hawa B. Saburi, na mtu asingelipata hata angelitafuta mpaka macho yamwume. Mwanahawa alitaka kadi zote zifungwe pamoja, jina la bibi yake likae juu, basi. Alikuwa amemwahidi binti yake Mashavu, mwenye mimba pevu, kwamba atarudi kabla mtoto hajaja.

Nchi yenyewe ni uwanda mweupe. Nyumba za vitabu zimesimama mbalimbali, na kati ya nyumba na nyumba zimevutwa kamba nyekundu, maelfu kwa maelfu, hata mbingu ya huko imekuwa na mistari. Upepo haupo, lakini kamba zinavuma. Ukisimama chini yake utadhani kuna watu wengi katika chumba cha pili, wananong'ona kila mtu na lake. Mwanahawa hakuupenda mvumo ule tangu mwanzo. Wenyeji wakikutana, mmoja husema, "Ndiye?" na wa pili hujibu, "Ndiye yule," ndipo wakapeana mikono. Asiyejibu hapewi mkono.

Alifikia kwa mama mmoja mkunjufu aitwaye Bi Sihaba, aliyekuwa akipokea wageni. Kilichomshangaza ni kwamba mji ulikuwa na njia pana na nyumba nyingi, lakini watu walikuwa haba mno. Mlangoni pa kila nyumba kulikuwa na jozi nyingi za viatu, na ndani mtu mmoja.

"Bi mkubwa, wenyeji wenzako wako wapi?" akauliza.

"Wapo, mwanangu. Wamefungwa."

"Wote? Wamefanya kosa gani?"

Bi Sihaba akacheka mpaka akajishika ubavu. "Si kufungwa huko! Wamefungwa pamoja. Wafungaji wa Baraza wakikuta kadi mbili zenye jina moja, wanazifunga zikawa moja, na watu wanafuata kadi zao. Hapa tulikuwa wawili, dada yangu Sihaba Mkubwa na mimi Sihaba Mdogo. Baraza likasema mkubwa na mdogo ni maelezo tu, jina ni lile lile."

"Na huyo dada yako yuko wapi sasa?"

"Mara nyingine mimi ndiye dada yangu," akasema, na kicheko kikamkatika. "Asubuhi nyingine naamka nimekasirika, sijui nimekosewa na nani. Halafu nakumbuka. Nimekosewa na mdogo wangu."

Mtu mwenye akili zake angefunga mzigo pale pale akaondoka, nami ningemsifu. Lakini alikuwa ameshafika, na bibi yake alikuwa amesahauliwa muda mrefu mno. Akapiga moyo konde, akaenda Barazani.

Mbele ya Baraza kuna sanamu refu kuliko majengo yote, sanamu la mwandishi wanayemheshimu kupita wote, Bwana Hajulikani. Ilikuwaje? Kadi nyingi za vitabu vya kale, mahali pa jina la mwandishi, zilikuwa zimeandikwa "Hajulikani". Wafungaji, kwa bidii yao, wakazifunga zote. Ikatokea kwamba mtu huyo mmoja alitunga tenzi, akaandika dawa za ng'ombe, akaeleza nyota, akatukana wafalme wa nchi zilizopishana karne nyingi, na kwa lugha zote. Wataalamu wa Ndiyeyule wametoa mihadhara juu ya kukua kwa fikra zake. Mmoja amethibitisha kwamba ujanani alikuwa mwanamke.

Mwanahawa alitaka kucheka. Alipolitazama sanamu kwa muda, kicheko kilimwisha. Mahali pa uso palikuwa pametelezeshwa, hapana jicho wala mdomo, na ule mvumo uliokuwa katika kamba zote ulikuwa ukitoka humo.

Ndani, Baraza lilikuwa likijadili habari ya mwanachuoni mmoja ambaye kadi zake zilimtaja amekufa katika miaka mitatu tofauti. Mjumbe mmoja alishika kwamba kifo cha kwanza ndicho cha kweli, kwa kuwa aliyekwisha kufa hana sababu ya kufa tena. Mwingine, mwenye miwani mizito, akajibu kwamba cha mwisho ndicho cha kweli, kwa kuwa vile vya kwanza ni dhahiri havikumwua. Walibishana mpaka jasho likawatoka. Mwishowe wakaafikiana kwamba marehemu alikufa mara zote tatu, na watu wa mji wakaamriwa kumlilia upya mara mbili walizokuwa wamesahau. Kilio kikaanza hapo hapo nje, cha watu wachache kwa sauti nyingi.

Zamu ya Mwanahawa ikafika. Mkuu wa Wafungaji aliitwa Bwana Fundo, mtu mpole, mwenye vidole virefu vilivyotiwa wekundu na nyuzi. Hakuwa mtu mbaya, nami sitamsingizia. Alikuwa mtu anayeipenda kazi yake kuliko inavyofaa.

"Jina, mgeni wetu?"

"Mwanahawa binti Saburi."

"Aha! Mwandishi wa *Khabari za Uzazi*."

"Hapana, bwana. Huyo ni bibi yangu. Mimi nimeandika cha mikeka."

"Na bibi yako jina lake nani?"

"Mwanahawa binti Saburi."

Baraza zima likainua vichwa. Hapa sina budi kueleza jambo ambalo kwa watu wa kwao Mwanahawa halihitaji maelezo. Bibi alikuwa binti wa mtu aliyeitwa Saburi. Alipozaa mwana akampa jina la baba yake. Mwana huyo, Saburi wa pili, alipozaa binti akampa jina la mama yake. Jina likazunguka likarudi lilikotoka, halikupungua hata herufi. Mambo haya hutokea kila siku na hayajamchanganya mtu yeyote mwenye jamaa.

"Ni somo yangu," Mwanahawa akaeleza.

"Somo la nini? La hesabu?"

"Si la darasani, bwana. Somo, yaani tumeitwa jina moja."

"Ndivyo ninavyosema mimi, jina moja," akasema Bwana Fundo, akafurahi. "Hebu niambie. Baba yako alikuwa akikuitaje nyumbani?"

Mwanahawa akatabasamu. Baba yake alikuwa ameshafariki, na swali lile lilimgusa. "Aliniita mama."

"Na mama wa baba yako ni nani?"

"Ni Mwanahawa binti Saburi."

"Amekiri," akasema Bwana Fundo.

Mwanahawa alicheka. Alidhani ni utani, kama watani wa kwao wanavyomwita mtoto mchanga babu wakamwomba ugoro. Alikuwa bado anacheka pale Bwana Fundo alipomshika mkono kwa adabu, akauzungusha uzi mwekundu kifundoni na kupiga fundo. Uzi huo haukukatwa. Mikasi katika nchi ile ni marufuku, na neno "siye" halitamkwi mbele ya watu. Kisha karani akaisoma kadi mpya: Mwanahawa binti Saburi, mkunga na msukaji, mwandishi wa vitabu viwili, vyote mali ya umma. Amefariki.

Baraza zima likasimama.

"Mungu amlaze mahali pema," akasema Bwana Fundo, akimtazama machoni.

Alipotoka nje alitaka kumuuliza mtu njia, na mtu yule akamtazama kwa huruma, akamwambia mwenzake, "Alikuwa na macho mazuri." Mwanamke mwingine akamsimamisha, akalamba kidole, akamgeuza kiganja kama anayefungua ukurasa, akasoma kitu huko, akakirudisha kiganja bila hata samahani. Wa tatu naye akaja, akaushika mkono ule ule. Hakuna aliyemwumiza. Walimshika tu, kila aliyetaka, muda aliotaka, kwa kuwa alikuwa wao. Akapiga kelele, nao wakainamisha vichwa kama watu waliopita makaburini.

Akakimbia mpaka mpakani. Askari wa huko hakumjibu hata neno, akamwambia mwenzake, "Huyu ni mali ya umma. Haitoki."

"Nina mtoto anajifungua!" Mwanahawa akalia. "Nimemwahidi!"

"Inasemekana alipenda sana watoto," akasema askari wa pili.

Alirudi kwa Bi Sihaba roho iko mkononi. Bi Sihaba, aliyekuwa akimwita mwanangu, akamwekea kikombe, akauliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Sijui marehemu alikuwa anapenda chai ya tangawizi?"

Na kulikuwa na jambo jingine, tena hili lilimtisha kuliko yote kwa sababu lilikuwa tamu. Bibi yake alianza kumjia. Hakumwona wala hakumsikia. Alijikuta tu anayajua mambo. Mikono yake ilijua uzito wa mtoto anayeteleza. Alijua harufu ya mafuta ya nazi katika chumba kilichofungwa madirisha. Alijua jina la mtoto mmoja aliyekufa kabla ya kulia, jina ambalo bibi alimpa kimoyomoyo na hakumwambia mtu. Mwanahawa hakuwahi kumwona bibi yake, alikuwa amekufa zamani. Alikaa kitandani akimpapasa ndani yake mwenyewe, na alifurahi, nisimfichie siri yake. Alifurahi sana.

Kisha akajaribu kuukumbuka uso wa Mashavu, ukakataa kuja. Akajaribu tena. Alikumbuka kwamba ana mtoto wa aina hiyo, kama mtu anavyojua kwamba atakuja kuwa na vitukuu. Bibi hakuwahi kumwona Mashavu. Na kadiri yeye alivyokuwa bibi, ndivyo Mashavu alivyokuwa hajazaliwa. Hapo akaangua kilio, na kilio hicho hakikuwa na uzee ndani yake hata kidogo.

Bi Sihaba akakisikia. Akaja mlangoni, akasimama akitazama zile jozi mbili za viatu vyake.

"Marehemu hazungumzi," akasema polepole, kama anayejisemea, "lakini marehemu husomwa. Kitabu cha umma, raia yeyote ana haki ya kutaka kisomwe kwa sauti mbele ya Baraza." Akavaa buibui yake, akamshika mkono. Safari hii alimshika kwa nguvu.

Baraza halikuweza kukataa. Bwana Fundo akashuka ukumbini, akalamba kidole, akakifungua kiganja cha Mwanahawa, akasema, "Marehemu asomwe." Na kinywa cha Mwanahawa kikafunguka chenyewe. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, yenye kukwaruza kidogo, ya mwanamke aliyezoea kuamuru watu vyumbani.

"Nani amepiga fundo hili?"

"Ni mimi, bibi," akasema Bwana Fundo, kwa furaha ya kweli. "Tulikuwa tumekupoteza, sasa tumekuunganisha. Ndiye?"

Watu wakangoja. Mwanahawa naye akangoja, ndani ya kinywa chake mwenyewe.

"Siye," ikasema sauti.

Kamba zote juu ya nchi ya Ndiyeyule zikaacha kuvuma. Mjumbe mmoja akaziba masikio. "Huyu si mimi," sauti ikaendelea. "Huyu ni somo yangu, mtoto wa mwanangu. Binti yake yuko katika uchungu hivi sasa, nasikia. Mfungueni aende."

"Bibi," akasema Bwana Fundo, "jina ni moja. Tukifungua, likaenda na huyu, wewe hutabaki nalo."

"Mwache alichukue. Mimi nimeshalitumia."

"Basi tukuandike nani?"

"Bibi mmoja."

"Hilo si jina. Asiye na jina, sheria inamfunga kwa Bwana Hajulikani."

Mwanahawa, aliyekuwa humo ndani naye, akaisikia hofu ya bibi yake. Ilikuwa hofu hasa, ya mtu anayejua kule anakokwenda hakuna uso. Akajaribu kukifunga kinywa. Akataka kusema hapana, bibi, usiende, nimekuja kukutoa huko, ndiyo safari yangu yote. Ulimi haukuwa wake.

"Nifungeni," akasema bibi. "Nimekata vitovu vya watoto wengi, na sijaona mama na mwana wanaoweza kuishi bila kukatwa. Leteni mkasi."

Mkasi haukuwapo katika nchi nzima. Basi mkono wa Mwanahawa ukainuka wenyewe mpaka mdomoni, na bibi yake akakikata kile kitu chekundu kwa meno ya mjukuu wake.

Uzi ukaruka. Ukapita mlangoni kwa kasi, ukavutwa juu, ukapotelea kule kwenye sanamu, na kamba zikaanza kuvuma upya. Mwanahawa akasikia amebaki peke yake, vile unavyosikia mtu aliyekuwa ameuegemea mgongo wako anapoondoka.

"Jina lake ni Mwanahawa binti Saburi!" akapiga kelele, na sauti ilikuwa yake. "Ni bibi yangu! Kitabu ni chake! Andikeni!"

"Dada yangu, tulia," akasema Bwana Fundo, na kwa kusemeshwa hivyo ndipo Mwanahawa alipojua yu hai. "Mwenyewe amekana mbele ya Baraza zima. Tutamwamini nani kuliko yeye?"

Nje alisimama chini ya sanamu, akaweka sikio kwenye jiwe. Sauti zilikuwa nyingi mno. Alitafuta ile moja yenye kukwaruza, akaitafuta mpaka Bi Sihaba alipomvuta. Walipoagana, Bi Sihaba alimkumbatia mara mbili, na mara ya pili kukumbatia kwake kulikuwa kwa mtu mwingine.

Alifika nyumbani mtoto akiwa ndiyo kwanza ameshuka. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake wa mtaani, na Mashavu amelala, uso umemvimba, uso ambao Mwanahawa aliutazama kama mtu mwenye kiu anavyotazama maji. Simu ya Mashavu ilikuwa juu ya mto wa kulalia, inawaka.

"Mama," akasema Mashavu kwa sauti ya uchovu, "nimetazama leo. Kitabu cha bibi sasa nyumba zote zimekifunga pamoja. Wameandika ni cha Hajulikani."

"Najua."

"Hukumpata?"

"Nilimpata. Amenirudisha kwako." Zaidi ya hapo hakuweza kusema, akalia mbele ya watu wote bila kujifunika.

Wanawake wakampa mjukuu wake wa kike ampakate. Wakamtazama, maana ni yeye aliyepaswa kulitaja jina, na wote walijua ni lipi linalofuata. Mwanahawa akanyoosha mkono, akaizima ile simu, akaifunika chini ya mto. Akatazama dirishani. Kisha akainama sikioni mwa mtoto, akalisema kwa sauti ndogo, mara moja tu.

"Mwanahawa."

Na mtoto, ambaye alikuwa hajatimiza hata saa moja duniani, akageuza kichwa kama mtu aliyezoea kuitwa hivyo.